Tuta Lenye Jina la Mtoto

Ndugu mwenyekiti, ndugu walimu, wazazi wenzangu, viongozi wa mitaa, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na dirisha, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya watoto na bustani katika mitaa ya mijini ambako wengi wana kipato kidogo na nafasi ya wazi ni haba. Kwa idhini yenu nitaanza na bustani iliyowashinda watoto.

Mwaka 1864, katika mji wa Leipzig nchini Ujerumani, mwalimu mkuu aliyeitwa Ernst Innozenz Hauschild aliunda chama cha wazazi na walimu, wakati ambapo viwanda na nyumba za kupanga vilikuwa vikimeza kila kiwanja kilichobaki wazi. Chama hicho kilipewa jina la Moritz Schreber, daktari aliyefariki mwaka 1861, ambaye enzi za uhai wake alihimiza watoto wa mjini wapate mahali pa kucheza na kunyoosha viungo. Schreber mwenyewe hakuacha hata tuta moja, na baadhi ya mafundisho yake kuhusu malezi leo yangetutisha, lakini hayo tuyaache. Uwanja ulipatikana, na miaka michache baadaye mwalimu mstaafu, Heinrich Karl Gesell, akatengeneza matuta pembeni mwake ili watoto wajifunze kupanda. Watoto walifurahi, kisha wakachoka, na magugu yakaota. Wazazi waliokuwa wakikaa kando kuwatazama watoto wao wakashika majembe, wakapalilia, wakazungushia ua na hatimaye wakajenga vibanda vya kupumzikia. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa bustani ambazo Wajerumani wanaziita kwa jina la Schreber mpaka leo, na nchi hiyo sasa ina vipande vya bustani za mijini zaidi ya 800,000. Kwa watu wazima ilikuwa neema kubwa. Watoto walirudi kwenye mpira, na hakuna aliyewauliza kilichowatoa bustanini.

Nina dhana yangu kuhusu kilichowatoa, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Naamini mtoto huchoka upesi na bustani ambayo amepewa kazi yake bila kupewa kauli ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa bustani ya watoto katika mtaa mmoja wenye msongamano mkubwa. Nilifika mapema, nikawakuta vibarua wawili wakimalizia kupandikiza miche iliyokwisha kufikia urefu wa kiganja, wakiimwagilia haraka haraka kabla mgeni rasmi hajafika. Saa nne watoto wakaletwa wakiwa wamevaa fulana mpya, kila mmoja akakabidhiwa kopo la kumwagilia ambalo halikuwa na tone la maji, picha zikapigwa na hotuba zikasomwa. Kisha fulana zikabaki na watoto, na makopo yakarudi garini. Nilipopita tena baada ya wiki sita, lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli na ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwisha kuhamia mtaa mwingine. Miche ilikuwa imekaukia palepale iliposimama. Mtoto mmoja aliyekuwa akichungulia kwenye matundu ya wavu aliniambia kwa adabu kabisa, "Shikamoo babu. Hiyo ni bustani ya wageni." Sitawataja waliohusika, kwa kuwa siku ya uzinduzi mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Hapakosekani mfano mwema wa kuweka kando ya huo. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani ambaye mwaka 1840 aliipa shule yake ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg jina lenye maana ya bustani ya watoto, hakuwa akisema kwa mafumbo. Alimaanisha bustani yenye udongo. Katika mpango wake, kila mtoto alikuwa na kipande chake kidogo, na vipande hivyo vilizungukwa na matuta ya pamoja yaliyotunzwa na wote. Kwenye matuta ya pamoja mtoto alifuata utaratibu wa kundi. Kwenye kipande chake alikuwa huru kupanda atakacho na kama atakavyo, na matokeo yake, yakiwa mazuri au mabaya, ndiyo yaliyokuwa mwalimu wake.

Miaka zaidi ya 60 baadaye, mwaka 1902, Fannie Griscom Parsons alianzisha shamba la watoto upande wa magharibi wa Manhattan, mjini New York, katika eneo la DeWitt Clinton Park, mahali palipozungukwa na nyumba za wafanyakazi maskini na wahamiaji. Humo pia kila mtoto alikabidhiwa kipande kidogo cha kwake. Parsons alieleza wazi kwamba shabaha yake haikuwa kupata mboga na maua machache tu. Alitaka watoto wajifunze uaminifu, bidii na utunzaji wa mali ya umma kwa kuushika udongo wenyewe. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu orodha hiyo ya maadili, ambayo imekaa kimahubiri kidogo, lakini kuhusu ukubwa wa kipande na jina la mwenyewe hakukosea.

Ninaposema kipande kidogo, ninamaanisha kidogo kweli. Mtoto wa miaka sita anahitaji tuta ambalo mkono wake unafika katikati bila yeye kulikanyaga, yaani upana usiozidi sentimita 60 kama analifikia kutoka upande mmoja tu. Mita moja ya mraba inamtosha, na pengine inamzidi. Pasipo ardhi kabisa, gunia moja lililosimama linatosha. Wakazi wa Kibera mjini Nairobi wanaijua vizuri njia hii: mkebe usio na kitako unasimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na mboji unashindiliwa kuuzunguka, mkebe unavutwa juu kidogo, kokoto na udongo vinaongezwa tena, mpaka gunia linajaa na katikati yake panabaki nguzo ya kokoto inayopeleka maji hadi chini. Kisha ubavuni mwa gunia yanatobolewa matundu yasiyofuatana kwa mstari mmoja, na kila tundu linapewa mche wake. Mtoto anaweza kumiliki upande mmoja wa gunia, na jina lake likaandikwa hapo kwa rangi.

Zao la kwanza lazima liwahi. Figili huota kwa siku tatu hadi saba na huweza kung'olewa baada ya wiki nne hivi. Mchicha nao hauna ajizi. Karoti ni mtihani kwa mkubwa na mdogo, maana mbegu yake huchukua wiki mbili au tatu kuchomoza, na katika muda huo mtoto ameshaamini kwamba amedanganywa. Maharage yana sifa nyingine: mbegu ni kubwa, inashikika kwa vidole vinne vya mtoto, na inapochomoza hutoka imejikunja kama mtu aliyeinama kupita kwenye mlango mfupi, kisha hujinyoosha kwa siku moja au mbili.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwalimu wa bustani analijua. Mtoto aliyepanda haragwe siku ya Jumatatu atalifukua Jumanne kutazama kama limeota. Jumatano atalifukua tena. Mkubwa hukasirika na kuamuru liachwe. Mimi nawashauri mumpe mtoto huyo mbegu nne: tatu za kuacha na moja ya kufukua kila siku, au kama kuna chupa ya kioo, hiyo ya nne iwekwe ndani ya chupa kati ya kioo na karatasi iliyoloweshwa, ili mzizi uonekane ukitoka na kuelekea chini hata chupa ikigeuzwa. Kufukua si utundu. Ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kuuliza swali ambalo hajui kulitamka, na bustani isiyovumilia swali hilo ni ya mkubwa, hata jina la nani liandikwe kwenye kijiti.

Sasa nihamie kwenye ahadi ambayo husikika kila fedha zinapotafutwa, kwamba bustani za watoto zitaondoa njaa mitaani. Tupige hesabu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeeleza kwamba mita moja ya mraba iliyotunzwa vizuri inaweza kutoa hadi kilo 20 za chakula kwa mwaka. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kwa siku, yaani kilo 146 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa mboga peke yake, angehitaji zaidi ya mita saba za mraba zinazolimwa na mkulima hodari bila kupumzika. Kaya ya watu watano ingehitaji zaidi ya mita 36. Ni wangapi kati yetu wenye mita 36 mlangoni? Na nani yuko tayari kumkabidhi mtoto wa darasa la pili mzigo huo? Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza katika kifungu cha 31, na katika kifungu kinachofuata unamkinga dhidi ya kunyonywa kwa kazi. Vifungu hivyo viwili vinapakana, na bustani ya watoto iko mpakani mwao. Siku kiasi cha mavuno kitakapokuwa kipimo cha mtoto, tutakuwa tumevuka mpaka.

Hata katika ulaji, ushahidi unatutaka tuwe na kiasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds uliofanyika katika shule za msingi za London na kuchapishwa mwaka 2014 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba bustani ya shule peke yake inaongeza matunda na mboga anazokula mtoto kwa siku. Dalili njema zilionekana zaidi pale ambapo bustani ilikuwa imeingia ndani ya maisha ya shule. Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni kwamba mtoto hukubali kuonja alichokipanda. Kuonja si kula, najua, lakini kabla ya kula kuna kuonja, na mzazi aliyewahi kubembeleza mtoto mezani hatadharau hatua hiyo.

Nimekuwa nikiuelekea udongo, na kuhusu udongo nawaomba mnisikilize kwa makini kuliko kwingineko, kwa kuwa hapa nia njema inaweza kumdhuru mtoto.

Viwanja vilivyobaki wazi katika mitaa maskini aghalabu vina sababu ya kubaki wazi. Hapo palikuwa na gereji, au palichomwa takataka, au palimwagwa betri chakavu, au nyumba ya zamani ilibomolewa na rangi yake ikabaki mchangani. Kando ya barabara kuu, udongo wa juu unaweza kuwa bado umebeba madini ya risasi kutoka kwenye petroli ya zamani. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021, lakini madini haya hayaozi wala hayavukizwi na jua, na yaliyoanguka miaka 40 iliyopita yapo palepale. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na mwili hushindwa kuitofautisha na kalsiamu, hivyo huipokea na kuihifadhi kwenye mifupa. Inaathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2020 UNICEF, pamoja na shirika la Pure Earth, ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiwango cha maikrogramu tano au zaidi kwa desilita.

Wengi hudhani hatari iko ndani ya mboga. Sehemu kubwa ya hatari iko kwenye vidole. Mtoto anachimba, anajifuta pua, analamba kidole, anarudi nyumbani na vumbi kwenye magoti na kulikung'uta juu ya mkeka ambao mdogo wake anatambaa. Mimea ya matunda, kama nyanya na pilipili, huchukua risasi kidogo sana hadi kwenye tunda. Mizizi na majani ya chini hubeba zaidi, mengi yake yakiwa ni udongo uliogandia nje. Kwa hiyo kama kiwanja kina shaka, msikilime moja kwa moja. Leteni udongo safi, uwekeni kwenye magunia au kwenye matuta ya kuinuliwa yenye kitambaa kizito chini yake, njia kati ya matuta zifunikwe kwa nyasi au kokoto ili vumbi lisitimke, na bustani isikaribiane na ukuta wa zamani unaobanduka rangi. Mboji nyingi, na udongo usio na tindikali kali, huifanya risasi ishikamane na isitembee kirahisi. Msitumie mataruma ya reli yaliyoloweshwa mafuta meusi, wala nguzo kuukuu zilizotiwa dawa yenye arseniki, hata kama zinatolewa bure. Na matairi chakavu, ingawa yanapendeza yakipakwa rangi, mimi siyapendi kwa mboga, yapandwe maua. Chombo cha kunawia mikono kikae kwenye lango lenyewe, mahali ambapo mtoto hawezi kutoka bila kukigusa.

Kama kipimo cha risasi katika udongo kinahitaji mpaka, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishusha mwaka 2024 kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo hadi 200. Mimi ningetumia hicho cha chini, na kwa watoto wadogo ningetaka pungufu yake.

Wala sisemi haya ili mwogope udongo. Nchini Finland watafiti waliweka zulia la udongo wa msitu, nyasi na masanduku ya kupandia kwenye viwanja vya changarawe vya vituo vya kulelea watoto mijini, na katika utafiti wa watoto 75 wa miaka mitatu hadi mitano uliochapishwa mwaka 2020, siku 28 za kuchezea hapo zilitosha kuongeza aina za bakteria wasio na madhara kwenye ngozi na kuonyesha mabadiliko mazuri katika viashiria vya kinga ya mwili. Uchafu unaofaa upo. Kinachotakiwa ni kujua tunampeleka mtoto kwenye uchafu upi.

Kuhusu maji nitasema machache. Maji ya mfereji wa maji taka yana mayai ya minyoo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu umwagiliaji uliweka kiwango kikali zaidi pale ambapo watoto wa chini ya miaka 15 wanahusika. Maji yaliyosuuza mboga jikoni yanafaa. Ya mfereji huo wa maji taka, hapana. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari wa moto inamwagilia vizuri kuliko kopo la duka, na mtoto anaweza kuibeba ikiwa imejaa.

Inabaki ardhi, na hapa nawageukia viongozi wa mitaa. Lile shamba la watoto la Parsons liliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kupisha ujenzi wa barabara kuu ya juu. Mwaka 1999, katika mji huohuo wa New York, serikali ya mji ilipanga kupiga mnada bustani 114 za wakazi, nyingi zikiwa katika mitaa maskini, na zilinusurika kwa sababu mashirika mawili ya hiari yalikubali kuzinunua muda mfupi kabla ya mnada. Mjini Los Angeles shamba la South Central, lililolimwa na familia zipatazo 350 kwa zaidi ya miaka 10, liliondolewa kwa nguvu mwezi Juni 2006, na matrekta yakapita juu ya miti iliyokuwa na matunda. Mtu mzima akinyang'anywa bustani anajua pa kupeleka malalamiko. Mtoto atajifunza jambo moja tu, kwamba kilichoandikwa jina lake hakikuwa chake.

Ndiyo maana nawasihi msiwaahidi watoto ardhi ambayo hamna maandishi yake. Makubaliano ya miaka mitatu yaliyosainiwa na mwenye kiwanja ni bora kuliko ruhusa ya milele iliyotamkwa kwa mdomo. Kama hamna hata hayo, anzeni na magunia na masanduku yanayohamishika, na mwambieni mtoto ukweli tangu siku ya kwanza: gunia ni lako, mahali hapa tumeazima. Mtoto anaelewa kuazima.

Mtaniuliza kama jitihada zote hizi zina faida, ikiwa mavuno ni machache na ardhi haina uhakika. Mjini Philadelphia viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vikasafishwa na kupandwa nyasi na miti michache, vingine vikazolewa takataka tu, vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba, miongoni mwa walioishi karibu na vile vilivyopandwa, waliosema wanajisikia kuzama katika huzuni walipungua kwa zaidi ya asilimia 41. Walioulizwa walikuwa watu wazima, na hapakuwa na bustani ya mboga wala jina la mtoto kwenye kijiti. Palikuwa na nyasi, miti na uzio mfupi wa mbao wenye nafasi ya kupita. Wao walipita na kutazama tu. Nawaachia mfikirie mtoto ambaye si mpita njia.

Kabla hatujatawanyika: kwenye meza iliyo karibu na mlango nimeweka mifuko safi ya kuwekea sampuli za udongo wa kupimwa risasi. Kila mtaa uchukue mmoja. Chimbeni sehemu zisizopungua 10 za kiwanja, kina cha sentimita 15 hadi 20, changanyeni udongo huo kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati, ondoeni mawe na mizizi, kausheni kivulini, jazeni mfuko na kuandika tarehe na mahali. Palipokuwa na gereji au ukuta wa zamani, chukueni mfuko wa pili wa peke yake. Watoto na waje kutazama, ila wakubwa ndio watakaochimba safari hii, na kila mmoja anawe mikono baada ya hapo. Mkiwa hapo pamoja nao, waulizeni wangependa kupanda nini, muandike majibu yao nyuma ya karatasi ya sampuli jinsi walivyoyasema, hata kama mmoja wao atasema anataka kupanda mbuzi.